Umoja na Wingi baada ya Maneno ya Kiasi: Mwanafunzi Mhaya mbele ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba aghalabu huingia shule ya sekondari akiwa na lugha mbili tayari: Kihaya cha nyumbani, na Kiswahili alichosomea katika shule ya msingi. Huko hukuta Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Akiandika "many equipments" kwa vifaa vingi, au "many advices" kwa mashauri mengi, hutiwa wino mwekundu, na huenda akadhaniwa hajui umoja na wingi. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe.

Neno "every" hutaka jina la umoja: "every student is". Hapo hapana ugeni. Kiswahili husema kila mwanafunzi amefika, wala si kila wanafunzi. Kihaya nacho husema buli muntu, yaani kila mtu. Hata "each of the students is", ambapo jina la wingi limekikaribia kitenzi, lina mwenzake: kila mmoja wa wanafunzi amefika. Kitenzi hufuata mmoja, si wanafunzi.

Tofauti huanza katika -ote. Kiswahili hutenga ndizi yote, yaani moja nzima, na ndizi zote, kwa kiambishi cha neno la kiasi lenyewe. Kadhalika Kihaya: abantu bona, watu wote, ebintu byona, vitu vyote. Lakini "all" ya Kiingereza haibadiliki kamwe. Katika "all the bananas" alama ya wingi imo katika jina peke yake. Mwanafunzi akiiacha, hakuna neno jingine katika fungu hilo la kumwokoa.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika -ingi. Watu wengi, maji mengi, vifaa vingi: neno ni moja, nalo hufuata ngeli. Kiingereza hugawa mambo kwa njia nyingine: "many" kwa vinavyohesabika, "much" kwa visivyohesabika. Maji katika Kiswahili, na amaizi katika Kihaya, yamo katika ngeli ya wingi; "water" ni umoja, "much water is". Wala mgawanyo huo hautokani na vitu vyenyewe. Vifaa vile vile vilivyo mezani huhesabika vikiitwa "tools", lakini havihesabiki vikiitwa "equipment".

Basi aandikaye "many equipments" hakukosa kujua wingi. Amehesabu kama lugha zake mbili zinavyohesabu. Kumrudisha kwenye kanuni ya "s" ni kumtibu asipougua. Hapana budi kila jina la namna hiyo lifundishwe pamoja na neno lake la kiasi, "much equipment", "much advice", tangu siku linapotajwa kwanza darasani; na pale ambapo Kihaya na Kiswahili vyakubaliana na Kiingereza, mwalimu auonyeshe ulinganifu huo waziwazi, ili mwanafunzi ajue kuwa sehemu ya safari amekwisha kuikata.