Mwaka Niliomsomea Mama Vitabu

Ndugu msomaji, huenda nawe una desturi, mwaka unapokaribia kwisha, ya kuketi na wenzako mkaulizana: ni kitabu gani kilichokugusa, ni sinema gani iliyokukosesha usingizi, ni muziki gani uliokuliwaza? Kwa miaka mingi nililijibu swali hilo nikiwa Dar es Salaam, na majibu yangu yalikuwa ya mtu asomaye peke yake ndani ya daladala. Mwaka 2023 nilisoma kwa namna nyingine. Nilikuwa nimestaafu, nikarudi Suji, juu ya Makanya, wilayani Same, kumtunza mama yangu ambaye macho yalikuwa yakimzimikia.

Mama alikuwa msomaji tangu ujana wake. Daktari alitueleza kuwa jicho moja lingeweza kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ila la pili tulikuwa tumechelewa. Neno hilo la kuchelewa nalibeba mimi. Kwa miaka mitano nilituma fedha za dawa ya matone kila mwezi, wala sikupanda basi hata mara moja kwenda kuuliza dawa ile ilikuwa inatibu nini.

Basi tukawa tunasoma jioni, makande yakiwa jikoni. Wewe uliyewahi kuyapika wajua kwamba mahindi na maharage hayaharakishwi. Kabla hayajaiva, mtu aweza kumaliza sura mbili.

Kitabu kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu ni mzaliwa wa Unguja, aliondoka kwao akiwa kijana akaishi Uingereza, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu hicho alikiandika kwa Kiingereza kikatoka mwaka 1994, nasi tukangoja hadi mwaka 2022 ndipo tukakipata kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza zamani, nikakisifu kama mtu asifuvyo nyumba aliyoiona kwa nje. Safari hii, nikikitamka kwa sauti kwa lugha yetu, nilijiona nimekaribishwa ndani.

Kisa ni cha kijana Yusuf, anayetolewa na baba yake kwa tajiri mmoja wa pwani kuwa rehani ya deni. Kijana mwenyewe anadhani tajiri yule ni mjomba wake. Nilipofika hapo Mama alinishika mkono akaniambia nisome tena. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yangu sitini: kwamba bibi yake alikuwa akitaja, kwa sauti ya chini, mtoto wa ukoo wetu aliyepelekwa kwa watu wenye chakula wakati wa njaa, na hakurudi. Jina lake halikutajwa tena nyumbani. Misafara ya pwani ilipita bonde la Pangani, chini ya milima yetu hii, na Mama aliona si ajabu kwamba mtoto yule alikwenda nayo. Tangu siku hiyo kila jioni alikuwa na swali moja kabla sijafungua kitabu: "Mwanangu, tumefika kwa mama yake Yusuf?" Wahakiki wamesifu mengi katika kazi hii; sijui kama yuko aliyeisoma akimngoja mama wa kijana. Mwisho wake sikusimulii, ila ujue kwamba Mama hakuupenda, na siku mbili hakutaka kusomewa chochote.

Kuhusu sinema nitasema machache. Niliyoipenda ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 ikaonyeshwa hadi tamasha la Toronto. Inatokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, na inahusu Yasmin, binti aliyeozwa kwa mume mzee, na Denge, mpinzani wa wakoloni, katika Unguja ya miaka ya 1950. Niliitazama mjini, nikamsimulia Mama jikoni. Jaribu siku moja, msomaji, kumsimulia sinema mtu asiyeona: utagundua ni picha ngapi ulizitazama bila kuziona.

Muziki nao ulikuwa na sheria zake. Nyumba yetu ni ya Wasabato, kama nyumba nyingi za Upare ya Kusini, ambako misheni yao ilianza mwaka 1903. Jua la Ijumaa likizama, redio huzimwa. Jumamosi jioni likizama tena, Mama huniagiza niwashe, naye hutaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Marehemu baba alikuwa na santuri zake. Nyimbo za vijana wa leo nilizisikiliza katika mabasi, kwa kukosa hiari, na moja au mbili nilizikuta nikiziimba.

Lakini kilichonishinda ni kijitabu chembamba. Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upareni, alitoa mwaka 1971, kwa Kiingereza, maelezo ya mgogoro wa mbiru: kodi iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, ambayo Wapare waliikataa kuanzia mwaka 1945 hadi ikafutwa mwaka 1947. Maelfu waliteremka milimani wakapiga kambi Same, mbele ya serikali ya kikoloni. Nikawa ninamfasiria Mama sentensi kwa sentensi, nikikwama kila mara. Yeye alikuwa na umri wa miaka saba hivi wakati ule. Alianza kunisahihisha, tena kwa Chasu: nani alibaki kulinda zamu ya maji ya ndiva wanaume walipoondoka, chakula kilifungwa katika nini, mama yake alisema nini usiku. Wajukuu walioketi nasi hawakumwelewa. Mmoja aliniuliza, "Babu, Bibi anasema nini?" nami, mwenye Chasu cha kuombea maji, nilimjibu nusu tu.

Nikanunua daftari Same, la kurasa mia mbili. Sasa nusu ya jioni ninasoma mimi, nusu anasema yeye, na binamu yangu mmoja ananirekebishia maneno. Tumejaza kurasa arobaini. Upande wa kusoma tumeanza riwaya ya Adam Shafi yenyewe. Tumefika pale Yasmin anapomtoroka mumewe, na Mama bado hajasema yuko upande wa nani.