Je, Wajua? Harufu ya Ufuta Huzaliwa Kikaangoni

Ufuta mbichi haunukii sana. Ile harufu inayofika hadi kwa jirani hutokea joto linapozikutanisha protini na sukari za mbegu, zikafanya rangi ya kahawia na harufu mpya. Mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912.

Usitie mafuta; karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta tayari. Bandika kikaango kikavu kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika 3 hadi 5, na mbegu zikianza kurukaruka na kunukia, epua. Zimimine papo hapo kwenye sinia, maana kikaango cha moto huendelea kuzikaanga hata kikiwa chini, na ufuta ulioungua huwa mchungu; ni hasara kuutia kwenye kashata.

Bizari nzima na giligilani ni tofauti na ufuta: harufu zake zimo tayari katika mafuta ya ndani ya mbegu, na joto huzitoa nje. Kaanga kila moja peke yake, kwani giligilani ni nene na huchelewa. Ziache zipoe, kisha twanga za kutosha pishi la siku hiyo tu: zikishasagwa, harufu hupotea upesi.