Droni ya Kupaa Wima: Nani Ainunue?

Anayetafuta droni ya kupimia mashamba na kuchorea ramani ana njia tatu. Rahisi kuliko zote ni yenye pangaboi nne, kama DJI Mavic 3 Enterprise. Haifiki kilo moja, hupaa popote, na bei yake ni maelfu machache ya dola. Kasoro ni betri: pangaboi hubeba uzito wote muda wote, na zile dakika 45 zinazotajwa na kiwanda hupungua upepo ukivuma.

Ya pili ni ya mabawa. eBee, iliyotumika kuchora ramani ya Zanzibar kuanzia 2016, hurushwa kwa mkono na kutua kwa tumbo. Mabawa huokoa umeme, hivyo eneo kubwa humalizika kwa safari moja. Ila bila uwanja wazi wa kutua, kamera iko hatarini.

Ya tatu hupaa wima kisha husafiri kwa mabawa. WingtraOne husimama kwa mkia na kuruka hadi dakika 59. Trinity F90+ hugeuza mota zake na kufika 90. Hapa utalipa makumi ya maelfu ya dola.

Je, ujiundie? Programu ya ArduPilot ni ya bure na huongoza miundo yote ya kupaa wima. Muundo wa mota nne za kuinua na moja ya kusukuma ndio rahisi kurekebisha, ingawa zile nne huwa mzigo mtupu angani. Mota za kugeuka hupunguza mzigo huo, lakini huongeza vipuri vya kuharibika. Inayosimama kwa mkia ni nyepesi, ila upepo huisumbua inapotua.

Gharama ya droni ya kupaa wima ina faida pale tu pasipo na pa kutua. Kwa mfano, katika majaribio ya DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na kampuni ya droni Wingcopter yaliyotangazwa 2018, droni ya mota za kugeuka ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ikiweza kubeba hadi kilo 4.

Kwa hiyo: shamba dogo, pangaboi nne; eneo kubwa lenye uwanja, mabawa; eneo kubwa la miti na mawe, ya kupaa wima. Anayeanza kujiundia achukue ya mota tano. Kabla ya kulipa, ulizia bei ya betri ya pili, fundi aliye karibu, na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga (TCAA Tanzania, KCAA Kenya).