Mikono Yenye Nguvu Haitoshi: Nani Anafaa Kujifunza Kazi ya Kukanda Viungo?



Wazazi wengi hufika dispansari na swali hili: «Kijana wetu ana mikono ya nguvu. Je, hawezi kujifunza kazi ya kukanda viungo?» Ni swali zuri. Hapa Goma wagonjwa wa kazi hiyo hawakosi: kuna mgongo wa mchimbaji, mabega ya msukuma chukudu, na waliokatwa mguu wanaojifunza kutembea upya. Kituo cha walemavu Shirika la Umoja kimejulikana kwa kazi ya namna hiyo, kwa viungo bandia na mazoezi ya mwili. Lakini yafahamu masharti kabla hujatoa pesa.

1. Masomo. Kukanda kwa hospitali ni sehemu ya kazi iitwayo kinesiterapi. Hayo ni masomo ya chuo. Bila diploma ya Serikali, ile tunayoiita D6, mlango haufunguki. Aliyesoma biolojia na kemia ana nafuu, maana mapema sana atakutana na majina ya mifupa, misuli na mishipa. Hata ng'ambo si mchezo: jimbo la New York, Marekani, linamtaka mkandaji awe na miaka 18, amalize sekondari, kisha asome saa 1,000. Basi anayekuahidi cheti kwa juma moja, mwulize: nani anafundisha elimu ya mwili? Nani anamsimamia mwanafunzi akimgusa mgonjwa? Cheti hicho kinatambuliwa na Serikali?

2. Mwili. Ubavu wa kubeba gunia si lazima. Mkandaji mzuri husukuma kwa uzito wa mwili wake, si kwa vidole gumba. Anayetumia vidole gumba peke yake huviumiza, na kazi humshinda mapema. Anachohitaji ni miguu inayovumilia kusimama saa nyingi, mgongo mzima na magoti yanayokunjika. Meza nayo imfae: asimame wima, mikono ining'inie, ubao ufike kwenye vifundo vya vidole vyake. Meza fupi humwinamisha kutwa, akawa mgonjwa yeye mwenyewe. Kucha ziwe fupi, pete ivuliwe, ngozi ya mikono isiwe na vidonda.

3. Macho. Hili liwafikie wenzetu waliopoteza macho kwa baruti: upofu peke yake haukatazi kazi hii. Huko Japani vipofu wameifanya kwa mamia ya miaka. Na wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918, askari wa Uingereza waliopofushwa vitani walifundishwa kukanda kupitia St Dunstan's, London, wakapata tena mshahara wao. Vidole vilivyozoezwa husoma misuli vizuri.

4. Heshima. Mgonjwa afunikwe shuka, aelezwe kitakachofanyika, akubali kwanza. Akisema «inatosha», basi inatosha. Siri zake zisitoke chumbani.

5. Kujua wakati wa kutogusa. Hapa ndipo mkandaji aliyesoma anapoachana na yule wa mtaani. Usikande penye mfupa uliovunjika, kidonda kibichi, wala mtu mwenye homa kali. Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma na kuwa la moto, usilisugue hata kidogo. Huenda damu imeganda mshipani, nayo ikisukumwa yaweza kufika mapafuni na kuua. Mpeleke kwa daktari.

Na shimoni, mwenzako akiangukiwa na jiwe akasema miguu imekufa ganzi, usimkande, usimvute, usimkalishe. Kama hakuna hatari nyingine ya kumwangukia, mwache alale alivyo, shika kichwa chake kisitikisike, na tuma mtu aite machela. Mkono wa huruma usiojua waweza kumfanya kiwete wa maisha.

Mtoto wako akiipenda kazi hii, usimpime kwa ugumu wa kiganja. Tazama matokeo yake ya shule, subira yake na usafi wake. Kisha mlete dispansari, tumwangalie mgongo, magoti na mikono kabla hujalipa hata franka moja.