Nywila, Namba ya Siri na Namba ya Uthibitisho: Istilahi za Kuingia Mtandaoni

Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi zitumikazo mtu aingiapo katika mfumo wa kompyuta kwa njia ya mtandao, na kuonyesha kwamba matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya mitambo huzidishwa na neno lisilofaa. Mifano yetu inahusu Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa.

Sababu ya kuchagua mahali hapo ni hii. Kwa Wafipa wengi, Kifipa ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ni ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Tena mahali penyewe ni pa mbali. Mtumishi aliyeko Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ana zaidi ya kilomita 100 za barabara kufika Sumbawanga. Naye aliyeko Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, hana budi kuupanda ukingo wa bonde. Mwalimu mkuu atumaye taarifa za shule, mwuguzi aingizaye hesabu za zahanati, na kijana aombaye mkopo wa elimu ya juu, wote hutakiwa kuingia mtandaoni. Ujumbe wa kompyuta ukieleweka vibaya, mtu aweza kufunga safari ambayo haikuhitajika.

Asili ya jambo lenyewe si ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kompyuta moja ilianza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ikawa lazima kila mmoja awe na majalada yake, wala mwingine asiyafungue. Tangu hapo, aingiaye hufanana na mgeni apigaye hodi. Kwanza huulizwa, “Nani?” Jibu lake ndilo jina la mtumiaji. Lakini mtu yeyote aweza kutaja jina la mwenzake. Kwa hiyo hutakiwa kuthibitisha kwamba ndiye, kwa siri aijuayo mwenyewe. Siri hiyo ndiyo nywila.

Baadhi ya programu huandika nywila, nyingine nenosiri, na katika mazungumzo husikika paswedi. Nywila na nenosiri yote mawili yanafaa. Madhara hutokea pale maelezo yale yale yanapotumia yote mawili, msomaji akadhani anaulizwa vitu viwili. Mfasiri na achague moja, alishike hadi mwisho. Hapa tumelishika nywila.

Namba ya siri ni kitu kingine. Ni tarakimu chache, aghalabu nne, alizojichagulia mwenyewe kwa kadi ya benki au kwa huduma za fedha za simu, ambazo zimeenea nchini tangu mwaka 2008. Namba ya uthibitisho nayo huletwa na mfumo kwa ujumbe mfupi wa simu, hutumika mara moja tu, na hufa baada ya dakika chache. Mfasiri akiiita hii ya tatu “namba ya siri”, mtumiaji ataandika ile yake ya kudumu. Itakataliwa, atarudia, hatimaye akaunti itafungwa. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kumfundisha mtu kuandika namba ya fedha zake mahali pasipohusika.

Yafaa kukiri upungufu mmoja. Jina namba ya uthibitisho halina neno “siri” ndani yake, na matapeli hulitumia pengo hilo: humpigia mtu simu na kumwomba awasomee tarakimu zilizoingia katika simu yake. Kwa hiyo ujumbe wenye namba hiyo hauna budi kuongeza: “Usimpe mtu yeyote.”

Sasa tutaje matatizo yanayotokea mara kwa mara, pamoja na dawa yake.

(a) Kubonyeza “Jisajili” badala ya “Ingia”. Kujisajili hufanywa mara moja. Kuingia hufanywa kila siku. Aliyekwisha kujisajili akirudia ataambiwa kwamba namba yake imekwisha kutumika, naye atadhani ameibiwa. Na arudi kwenye “Ingia”.

(b) Herufi. Kwa nywila, “Ulezi” na “ulezi” ni maneno mawili. Simu nyingi hukuza herufi ya kwanza zenyewe, na huongeza nafasi tupu baada ya neno. Achague kuionyesha nywila na kuikagua kabla ya kutuma.

(c) Nywila ya zamani iliyohifadhiwa. Mtu hubadili nywila kwenye kompyuta ya ofisi, lakini simu yake huendelea kutuma ile ya zamani bila yeye kujua, hata akaunti ikafungwa. Dawa ni kuifuta katika simu na kuandika mpya.

(d) Saa ya kompyuta. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila umeme, na betri yake ndogo imekwisha, huweza kurudi miaka mingi nyuma. Baadhi ya mitandao ya ofisi hukataa tofauti ya saa ipitayo dakika 5, hata nywila ikiwa sahihi. Tarehe na saa zirekebishwe kwanza.

(e) Akaunti iliyofunguliwa na mwingine. Kijana huenda kwenye duka la stesheneri, na mwenye duka humjazia fomu kwa namba ya simu ya duka. Nywila ikisahauliwa, namba ya uthibitisho huenda kwa mwenye duka. Walimu wawahimize wanafunzi watumie namba zao au za wazazi, na nywila waiandike wenyewe.

Katika kufasiri ujumbe wa mifumo, tunaomba mambo matatu yaangaliwe.

La kwanza ni kiunganishi “au”. Mifumo mingi husema: “Jina la mtumiaji au nywila si sahihi.” Imekusudiwa hivyo, ili mgeni asiye na haki asijue kama jina alilolijaribu lipo. Mfasiri akifupisha kuwa “Nywila si sahihi”, ameivunja hifadhi hiyo, tena amempoteza mtumiaji aliyekosea jina.

La pili ni kitenzi “kurejesha”. “Rejesha nywila” humfanya mtu atarajie kupewa ile ile aliyoisahau, au amwombe msimamizi amsomee. Haiwezekani. Mfumo uliotengenezwa vema hauhifadhi nywila yenyewe, bali alama iliyokokotolewa kutokana nayo, ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa nywila tena. Tunapendekeza “kubadili nywila” kwa mtu anayeikumbuka ya zamani, na “kuweka nywila mpya” kwa aliyeisahau. Na yeyote adaiye kwamba anahitaji kuisoma nywila yako ili akusaidie, ashukiwe.

La tatu ni jina la jumla la vitu hivi. Katika mambo ya kibalozi, Kiswahili kina hati za utambulisho, ambazo balozi mpya hukabidhi kwa mkuu wa nchi. Istilahi hiyo ikihamishiwa mtandaoni, karani aambiwaye “hati zako si halali” atakwenda kutafuta karatasi. “Vitambulisho” nalo humkumbusha kadi ya Taifa. Tunapendekeza taarifa za kuingilia, kwa mfano wa mlango wa kuingilia, ambapo kauli ya kutendea huonyesha kifaa cha tendo.

Tukumbuke pia kwamba ushauri wenyewe hubadilika. Zamani ilisisitizwa kubadili nywila kila baada ya miezi michache. Mwaka 2017 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani ilitoa mwongozo uliotaka nywila ibadilishwe panapokuwa na dalili kwamba imejulikana, na kuruhusu nywila ndefu. Maneno manne au matano ya kawaida yasiyohusiana, ambayo mtu huyakumbuka bila kuyaandika ukutani, yanaweza kumfaa kuliko neno fupi lililojazwa alama. Wala hakuna ulazima kwamba maneno hayo yawe ya Kiingereza. Ya Kifipa na ya Kiswahili yanafaa vile vile.

Tunawaomba watafsiri wa mifumo ya Serikali, kabla ya kuidhinisha ujumbe wowote, wausome mbele ya mtu atakayeutumia na kumwuliza: “Sasa utafanya nini?” Jibu likiwa si lile lililokusudiwa, ujumbe huo uandikwe upya.