Michezo ya Windows Ndani ya Linux

Sehemu kubwa ya michezo ya kompyuta inayochezwa leo kwenye Linux haikuandikiwa Linux. Iliandikiwa Windows, mara nyingi na watu ambao hawakuifikiria Linux hata siku moja, kisha ikawezeshwa kufanya kazi na programu inayosimama katikati ya mchezo na mfumo endeshi. Mafanikio ya miaka ya karibuni yametokana na programu hiyo ya katikati, na vikwazo vilivyobaki vinatokana zaidi na michezo inayoikataa.

Mwanzoni matumaini yalikuwa mengine. Kampuni ya Loki Software, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilichukua michezo iliyokwisha kuvuma kwenye Windows, kama Civilization: Call to Power, ikairekebisha mmoja baada ya mwingine na kuuza matoleo ya Linux. Wanunuzi walikuwa wachache mno, na Januari 2002 kampuni ikafungwa. Tatizo lililoishinda liliendelea kusumbua kwa zaidi ya miaka kumi: watengenezaji hawakutoa michezo kwa sababu wachezaji hawakuwapo, na wachezaji hawakuja kwa sababu michezo haikuwapo. Hata hivyo Loki iliacha kitu cha thamani. Sam Lantinga, mmoja wa wahandisi wake, ndiye mwandishi wa SDL, maktaba ya programu inayouwezesha mchezo kufungua dirisha, kusoma kibodi na kutoa sauti bila kujali uko kwenye mfumo gani. Msimbo wake ulikuwa huria, hivyo haukufa pamoja na kampuni. Unatumika hadi leo.

Wakati huo mradi mwingine ulikuwa ukisonga polepole. Wine ilianza mwaka 1993, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2008, miaka 15 baadaye. Lengo lake ni kuendesha programu za Windows mahali ambapo Windows yenyewe haipo. Wengi huidhani ni emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nzima. Sivyo. Maagizo ya mchezo huenda moja kwa moja kwenye prosesa, kwa kuwa prosesa ni ileile iwe chini ya Windows au chini ya Linux. Kinachohitaji kushughulikiwa ni maombi: kila mchezo unapotaka kufungua faili, kupata kumbukumbu au kusoma saa, huita kazi fulani ya Windows, na Wine imeziandika upya kazi hizo ili zijibiwe na Linux.

Ugumu wake unaonekana hata kwenye jambo dogo. Mchezo unaomba faili C:\Data\Ramani.dat, ilhali kwenye diski faili hiyo imeandikwa ramani.dat, kwa herufi ndogo. Kwa Windows hayo ni majina ya faili moja. Kwa Linux ni faili mbili tofauti, na wala hakuna diski iitwayo C. Wine huchukua folda ya kawaida iitwayo drive_c na kuionyesha kwa mchezo kana kwamba ndiyo diski C, kisha hutafuta humo jina linalolingana bila kujali herufi kubwa au ndogo. Mchezo hupewa faili yake na kuendelea. Kazi za namna hiyo ndani ya Windows ni maelfu, zikiwamo zenye kasoro ambazo michezo imezizoea na haiwezi kwenda bila hizo, na ndiyo maana miaka 15 haikuwa mingi.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa picha. Michezo ya Windows huzungumza na kadi ya picha kupitia Direct3D, ambayo ni mali ya Microsoft. Kwa miaka mingi Wine iliigeuza kuwa OpenGL, njia nyingine ya kuzungumza na kadi ya picha, na kasi nyingi ilipotea njiani. Februari 2016 muungano wa Khronos ulitoa Vulkan, njia mpya inayompa mwandishi wa programu udhibiti wa karibu zaidi wa kadi. Muda si mrefu baadaye Philip Rebohle alianza kuandika DXVK, akitaka kuuchezesha mchezo wa NieR: Automata kwenye Linux. DXVK hugeuza maombi ya Direct3D 11 kuwa ya Vulkan, na kasi inayopotea ni ndogo kiasi kwamba mara nyingi mchezaji haitambui. Historia za michezo ya Linux hupenda kuisifu peke yake Valve, kampuni yenye duka la michezo la Steam. Kwa haki, bila kazi hii iliyoanzishwa na mtu mmoja, fedha za Valve zisingefika mbali.

Valve yenyewe iliingia kwa hofu. Mwaka 2012 Microsoft ilikuwa karibu kutoa Windows 8 yenye duka lake la programu, na Gabe Newell, mkuu wa Valve aliyewahi kufanya kazi Microsoft, alisema hadharani kwamba mfumo huo ni janga kwa biashara ya kompyuta. Steam ya Linux ikatoka Februari 2013. Novemba 2015 zikafuata kompyuta zilizoitwa Steam Machines, zikaanguka sokoni kwa sababu ileile iliyoiangusha Loki: zilitegemea watengenezaji watoe matoleo ya Linux, nao wengi hawakutoa.

Agosti 2018 Valve iliacha kuwabembeleza watengenezaji. Kwa kushirikiana na CodeWeavers, kampuni inayoajiri waandishi wakuu wa Wine, ilitoa Proton, kifurushi kinachounganisha Wine, DXVK na sehemu nyingine ndani ya Steam. Tangu hapo mchezaji hubonyeza kitufe cha kucheza tu; Proton hutengeneza folda yake kwa kila mchezo na kupanga yaliyosalia. Februari 2022 ikaja Steam Deck, kompyuta ya kushikwa mkononi inayoendeshwa na SteamOS, ambayo imejengwa juu ya Arch Linux. Siku hizohizo ulitoka Elden Ring, mchezo ambao kwenye Windows ulikuwa ukikwama kwa nukta nukta hata kwenye mashine zenye nguvu. Wahandisi wa Valve waliona kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa jinsi mchezo ulivyoomba kumbukumbu kwa wingi ghafla, wakarekebisha safu ya kugeuza Direct3D 12 ili itunze kumbukumbu hiyo na kuitumia tena. Ukwamaji ukapungua sana kwenye Deck. Mchezo wenyewe haukuguswa hata herufi moja.

Oktoba 2025, kwa mujibu wa takwimu za kila mwezi za Steam, watumiaji wa Linux walivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache bado, lakini Loki haikuwahi kuota idadi hiyo. Mwezi huohuo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zikabaki zikitafuta mfumo mwingine.

Kwa Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi ni mitumba, hapo pana tahadhari. DXVK tangu toleo la 2.0 la mwaka 2022 inahitaji Vulkan 1.3, na kadi za ndani za prosesa za Intel za kizazi cha nne na vilivyotangulia hazifiki huko. Mwenye laptopu ya aina hiyo anaweza kuandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye mipangilio ya uzinduzi ya mchezo ndani ya Steam, ili Proton irudi kwenye njia ya zamani ya OpenGL. Kasi itashuka, ila michezo mingi ya zamani itachezeka. Kwa anayenunua kadi ya picha, AMD ndiyo yenye usumbufu mdogo, kwa kuwa draiva zake ni huria na zinakuja na Linux yenyewe. Nvidia imesogea: mwaka 2022 ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kiini cha mfumo. Hata hivyo sehemu kubwa iliyobaki bado imefungwa.

Kikwazo kisichotatuliwa na uhandisi peke yake ni programu za kuzuia udanganyifu. Michezo ya ushindani mtandaoni huweka mlinzi anayechunguza kompyuta ya mchezaji, na baadhi ya walinzi hao huingia ndani ya kiini cha Windows. Wine haina kiini cha Windows cha kuwapa. Mwaka 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye zilikubali kufanya kazi chini ya Proton bila kuingia humo, lakini uamuzi uliachwa kwa kila mtengenezaji, na wengi wamekataa. Apex Legends iliruhusu Linux kisha ikaifungia mwishoni mwa Oktoba 2024, kwa hoja kwamba ilikuwa njia ya wadanganyifu. Valorant haijawahi kuingia. EA Sports FC, mrithi wa FIFA unaopendwa sana na mashabiki wa soka Dar es Salaam na Nairobi, unatumia mlinzi wa kampuni ya EA asiyeikubali Linux. Hoja ya watengenezaji ina uzito: mwenye Linux anaweza kukibadilisha kiini cha mfumo wake apendavyo. Lakini uhuru huo ndio unaowavuta watu kwenye Linux, na hauwezi kuondolewa bila kuiondoa Linux yenyewe.

Novemba 2025 Valve ilitangaza Steam Machine mpya pamoja na Steam Frame, kifaa cha kuvaa usoni chenye prosesa ya ARM. Kwa kuwa michezo iliandikiwa prosesa za aina nyingine, x86, humo emuleta inahitajika kweli, na kazi hiyo imepewa FEX, programu nyingine huria. Kuhusu walinzi, dalili ya mabadiliko inatoka kwa Microsoft. Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha mamilioni ya kompyuta za Windows duniani, na tangu hapo Microsoft imekuwa ikiandaa namna ya kuzitoa programu za usalama nje ya kiini. Walinzi wa michezo wakitolewa humo nao, hoja yao kuu dhidi ya Linux itapungua nguvu, na kitakachobaki ni uamuzi wa kibiashara wa kila kampuni.