Damu ya Mtoto Anayekoroma: Yale Isemayo na Yale Isiyosema

Katika kaya nyingi, mtoto anayekoroma huhesabiwa kuwa amepata usingizi mnono. Hata hivyo, kukoroma mara kwa mara, kunakoambatana na pumzi inayokatika kisha kurejea kwa kishindo, huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kuziba kwa njia ya hewa usingizini. Ugonjwa huu hukadiriwa kuwapata watoto 1 hadi 5 katika kila 100, hasa wenye umri wa miaka 2 hadi 8, wakati ambapo mafindofindo na nyama za nyuma ya pua huwa kubwa kuliko nafasi iliyopo kooni.

Mtoto anapolala, misuli ya koo hulegea, na njia iliyokwisha kubanwa huziba. Oksijeni hushuka, ubongo humzindua kwa sekunde chache, naye huvuta hewa na kulala tena. Hali hiyo ikijirudia usiku kucha, mwili huitikia kana kwamba umejeruhiwa. Ini huzalisha kwa wingi protini iitwayo CRP, ambayo ni kiashiria cha mchochota, yaani mwitikio wa kinga dhidi ya madhara. Tafiti zimeonyesha kuwa kiwango chake huwa juu kwa baadhi ya watoto wenye ugonjwa huu, na aghalabu hushuka baada ya upasuaji wa kuondoa mafindofindo.

Je, kipimo cha damu kinatosha kuutambua ugonjwa? La. CRP hupanda pia kwa malaria, nimonia na unene uliokithiri. Na wapo watoto wanaoziba pumzi kila usiku ilhali CRP yao ni ya kawaida. Damu hutoa habari kwamba nyumba inafuka moshi, lakini haisemi ni chumba kipi kinachoungua. Hatari iliyopo ni familia kurejea nyumbani na majibu mazuri ya maabara, huku mtoto akiendelea kudhoofika: kusinzia au kutotulia darasani, kukojoa kitandani, kutokua vyema, na hatimaye shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu linaloulemea moyo.

Kipimo kinachotegemewa ni polisomnografia, ambacho hurekodi pumzi, oksijeni, mapigo ya moyo na mawimbi ya ubongo usiku mzima. Pale kisipopatikana, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2012 unaruhusu njia mbadala, zikiwemo kupima oksijeni kidoleni usiku kucha na kurekodi video ya mtoto akiwa amelala. Majibu ya kawaida ya njia hizo hayaondoi shaka yote iwapo dalili zinaendelea. Mtoto mwenye seli mundu anahitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa upungufu wa oksijeni huchochea seli zake kubadilika umbo.

Tiba ipo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliohusisha watoto 464 wenye umri wa miaka 5 hadi 9, vipimo vya usingizi vilirejea katika hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji mapema, ikilinganishwa na asilimia 46 ya waliosubiri chini ya uangalizi, baada ya miezi 7.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza kipimo cha damu, mhudumu wa afya na aulize: “Mtoto hulalaje?” Naye mzazi asione haya kumwonyesha daktari video fupi aliyoirekodi kwa simu usiku.